Ultrasaundi haikukiona kitanzi changu: je, hilo latosha kusema kimetoka?

MamaMdogo

Salaam kwenu nyote. Naomba msaada wa wataalamu, na wa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili. Niliwekewa kitanzi cha shaba cha uzazi wa mpango, kile chenye umbo la herufi T kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, wiki kadhaa baada ya kujifungua, na mpaka sasa ninanyonyesha. Siku ya kuwekewa niliumia kuliko nilivyotarajia, lakini maumivu yalipungua nami sikuyafikiria tena. Nilipokwenda kwa ukaguzi wa kawaida, muuguzi hakuziona nyuzi za kitanzi kwenye shingo ya kizazi. Nilipimwa ujauzito, haukuwepo. Kisha nikafanyiwa ultrasaundi ya juu ya tumbo, na ripoti ikaja na maneno machache: mfuko wa uzazi ni wa kawaida, kitanzi hakionekani.

Nikaambiwa kwamba bila shaka kimetoka chenyewe, pengine nikiwa chooni, na kwamba niwekewe kingine siku hiyohiyo. Nimeomba nipewe muda wa kufikiri. Naelewa kuwa kitanzi kinaweza kutoka bila mwenyewe kujua, lakini hakuna mtu aliyekiona kikitoka, wala mimi sikukiona. Je, ultrasaundi peke yake yatosha kuthibitisha kwamba hakimo mwilini? Mashine hiyohiyo ilimwonyesha mwanangu tumboni alipokuwa mdogo kuliko ukucha; inawezekanaje ishindwe kuona shaba? Na ikiwa nitahitaji eksirei, je, mionzi yake itadhuru maziwa ya mtoto?

FundiPicha

Dada MamaMdogo, umefanya vyema kuomba muda, na nakusihi usikubali kuwekewa kitanzi kingine kabla swali lako halijajibiwa kwa picha. Ninafanya kazi katika idara ya radiolojia, na ripoti kama hiyo naifahamu. Inasema jambo moja tu, kwamba kitanzi hakikuonekana ndani ya mfuko wa uzazi kwa kipimo kile. Haisemi kiko wapi. Anayetoka kwenye maneno hayo moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba kimetoka mwilini amerukia hatua ambayo ilipaswa kufanyika, nayo ni eksirei ya tumbo.

Kuhusu mtoto na shaba, ukubwa wa kitu sio unaoamua. Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha hupokea mwangwi unaorudi na kuugeuza kuwa picha. Mtoto huonekana vizuri kwa sababu amezungukwa na maji, na maji huyapitisha mawimbi hayo kwa urahisi. Hewa hufanya kinyume: karibu mawimbi yote hugonga na kurudi, na kilicho nyuma ya hewa hakionekani. Utumbo hauishiwi hewa. Kitanzi kilichopenya ukuta wa mfuko wa uzazi na kulala kati ya mikunjo ya utumbo ni kama kitu kilicho nyuma ya pazia, na hata mpimaji hodari mwenye mashine nzuri anaweza kukipita bila kukiona.

Kikiwa mahali pake, kitanzi cha shaba ni miongoni mwa vitu rahisi kuonekana kwa ultrasaundi. Kile cha aina ya T380A kina urefu wa milimita 36 na upana wa milimita 32, na shina lake lililozungushiwa waya wa shaba hutoa mstari mweupe mkali katikati ya mfuko wa uzazi, ukifuatwa na kivuli cheusi chini yake. Mpimaji hutakiwa kuutazama mfuko kwa urefu na kwa upana, ahakikishe kwamba shina limo ndani ya uwazi wake na kwamba mikono miwili imefunguka kuelekea pembe za juu. Hata hivyo, ultrasaundi ya juu ya tumbo ina udhaifu wake. Kibofu kisipojaa mkojo wa kutosha, au mfuko wa uzazi ukiwa umeinamia nyuma, au ukiwa na uvimbe unaopotosha umbo lake, picha hufifia. Kipimo cha kupitia ukeni hukaribia zaidi na hutumia mawimbi yenye masafa ya juu, kwa hiyo huonyesha kwa undani zaidi. Kama hukufanyiwa hicho, kiombe.

Sasa eksirei. Watengenezaji wa vitanzi waliliwazia suala hili tangu zamani: plastiki ya kitanzi huchanganywa na salfeti ya bariamu, ambayo huzuia mionzi, ili mkono au shina lolote lionekane jeupe kwenye picha. Shaba nayo huzuia mionzi. Katika eksirei, hewa ya utumbo haikifichi kitanzi. Lakini picha sharti ichukue eneo lote, kuanzia chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hadi chini ya mfupa wa kinena. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maombi mengi huandikwa kwa ajili ya nyonga pekee, ilhali kitanzi kilichotoka nje ya mfuko wa uzazi kinaweza kupanda juu, hata kufika karibu na ini au wengu. Picha ya nyonga iliyo safi haijamaliza kazi. Eksirei ya eneo lote ikichukuliwa vizuri na kitanzi kisionekane popote, hapo ndipo unaweza kusema kwa uhakika kwamba kimetoka.

Kuhusu mionzi, eksirei moja ya tumbo hutoa takriban milisivati 0.7. Wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupokea duniani kutoka ardhini, angani na katika chakula ni takriban milisivati 2.4 kwa mwaka. Mionzi ya eksirei haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa, na haiingii kwenye maziwa. Unaweza kutoka kwenye chumba cha picha na kumnyonyesha mwanao papo hapo. Kinachotakiwa ni uhakika kwamba huna ujauzito, na hilo tayari limepimwa. Iwapo siku zimepita tangu kipimo kile, kirudie.

DaktariWaKinaMama

Nakubaliana na FundiPicha, nami naongeza upande wa kitabibu, kwa kuwa katika maelezo ya dada yetu kuna mambo mawili ambayo yalipaswa kumfanya mhudumu asimame na kufikiri upya: alikuwa ananyonyesha alipowekewa kitanzi, tena akiwa ndani ya miezi michache baada ya kujifungua.

Kwanza niseme wazi kwamba kutoka kwa kitanzi ni jambo la kawaida zaidi kuliko kutoboka kwa mfuko wa uzazi. Kati ya wanawake 100 wanaowekewa, wapatao 2 hadi 10 hupoteza kitanzi katika mwaka wa kwanza, na wengine hawatambui. Kutoboka hutokea kwa takriban mwanamke 1 katika kila 1,000. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 61,000, ulipata kiwango cha 1.1 kwa kila 1,000 kwa vitanzi vya shaba na 1.4 kwa vile vya homoni. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kuwekewa kitanzi wakati wa kunyonyesha huongeza hatari hiyo takriban mara sita. Hatari iliyoongezeka mara sita bado ni ndogo, na nisingependa mama yeyote anayenyonyesha akikimbie kitanzi kwa sababu ya takwimu hii, maana ni njia bora mno ya uzazi wa mpango na haiathiri maziwa. Lakini pale nyuzi zinapopotea na ultrasaundi isione kitu, takwimu hii inatosha kutukataza kubahatisha.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kitanzi cha pili kuwekwa huku cha kwanza kingali tumboni. Mwanamke huendelea vizuri kwa miaka, hana ujauzito, hana malalamiko, na hakuna anayekumbuka tena kile cha kwanza. Shaba ikiwa nje ya mfuko wa uzazi huchochea uvimbe na kusababisha viungo vya tumboni kugandamana. Inaweza pia kushikamana na utumbo au kibofu cha mkojo na hata kupenya ndani yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kitanzi kilichoingia tumboni kiondolewe mapema, na kwa kawaida hilo hufanywa kwa laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo.

Nina angalizo moja kuhusu eksirei. Kitanzi kikionekana kwenye nyonga katika picha ya mbele, hiyo haithibitishi kwamba kimo ndani ya mfuko wa uzazi, kwa sababu eksirei haiuonyeshi mfuko wenyewe. Hukionyesha kitanzi na mifupa. Kikiwa mbali na mstari wa katikati, kikiwa juu mno, au kikiwa kimelala kwa upande au kichwa chini, shaka inakuwa kubwa. Hapo picha ya ubavuni husaidia kujua kama kiko mbele au nyuma. Hata hivyo, ni lazima turudi kwenye ultrasaundi, safari hii ya ukeni, mpimaji akijua anatafuta nini. Vipimo hivi viwili hukamilishana, kwani kimoja huonyesha mfuko wa uzazi na kingine huonyesha kitanzi popote kilipo.

Mpaka jibu lipatikane, dada, tumia kondomu, au umwombe mhudumu njia nyingine inayomfaa anayenyonyesha. Ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, au damu kwenye mkojo au choo, usisubiri tarehe ya miadi.

MkungaMkongwe

Naomba niseme neno kwa niaba ya sisi tunaokutana na wanawake hawa kabla hawajafika kwenye mashine. Nyuzi zisipoonekana, mara nyingi kitanzi kimo mahali pake na nyuzi zimejivuta tu ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi. Brashi nyembamba, kama ile inayotumika kuchukua chembe za shingo ya kizazi, ikizungushwa humo kwa upole huzirudisha nje mara nyingi, na mama huenda nyumbani bila picha yoyote. Kwa hiyo sitaki wasomaji wadhani kwamba kila uzi uliopotea ni safari ya eksirei. Mpangilio mzuri ni kupima ujauzito, kutafuta nyuzi kwa mkono wa mtaalamu, kisha ultrasaundi, na eksirei inapobaki shaka. Dada huyu amekwisha kupita hatua hizo zote isipokuwa ya mwisho, na ndiyo maana nawaunga mkono wenzangu katika suala lake.

Jambo jingine ni maumivu ya siku ile. Maumivu makali wakati wa kuweka hayathibitishi kutoboka, na wengi waliotobolewa hawakuhisi kitu cha ajabu. Lakini mama anapoyataja, yaandikwe kwenye fomu ya kuombea picha, pamoja na aina ya kitanzi, tarehe kilipowekwa, na kwamba ananyonyesha. Mpimaji anayepokea karatasi yenye maneno "angalia kitanzi" peke yake amenyimwa nusu ya macho yake.

Msomaji_wa_Kando

Nashukuru kwa maelezo haya, nami naomba kuuliza jambo la karibu na hili. Mimi nina kitanzi cha homoni. Ultrasaundi ya mwisho iliandika kwamba kimeshuka kidogo, na mpimaji alisema ni vigumu kukiona kuliko cha shaba. Nina miadi ya kipimo cha MRI ya mgongo pia, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Je, nikitoe kabla?

FundiPicha

Mpimaji wako amesema kweli. Shina la kitanzi cha homoni limefunikwa na mrija wenye dawa wala halina waya wa shaba, kwa hiyo halitoi ule mstari mweupe unaoendelea. Tunachokiona ni alama nyeupe kwenye ncha ya juu na ya chini, na kivuli cheusi kati yake. Asiye na uzoefu hukiona kivuli bila kujua kimetokana na nini. Baadhi ya vitanzi vidogo vya homoni vimewekewa pete nyembamba ya madini ya fedha karibu na mikono ili kuvisaidia vionekane na kutofautishwa na vingine. Palipo na mashine ya ultrasaundi ya pande tatu, mkato wa mbele huonyesha umbo zima la T ndani ya mfuko, na hapo ndipo mkono uliozama kwenye misuli hugunduliwa, jambo ambalo picha ya kawaida ya pande mbili hulikosa mara nyingi.

Kuhusu MRI, huna haja ya kukitoa. Shaba haivutwi na sumaku, na vitanzi vya kisasa vya shaba huruhusiwa katika mashine zenye nguvu ya sumaku ya tesla 1.5 na 3 kwa masharti ya mtengenezaji. Vilivyo na pete ya fedha ni hivyohivyo, na visivyo na chuma chochote havina tatizo. Mweleze mpimaji kwamba unacho na ni cha aina gani. Wanaohitaji uangalifu wa pekee ni wanawake wenye pete za zamani za chuma cha pua, zilizotumika sana China katika karne iliyopita, ambazo huharibu picha ya eneo la nyonga na zinahitaji kuchunguzwa kwanza. Kwa MamaMdogo niongeze kwamba MRI si kipimo cha kutafutia kitanzi kilichopotea, kwani kitanzi huonekana humo kama doa jeusi linaloweza kufanana na hewa ya utumbo.

DaktariWaKinaMama

Kuhusu kushuka, ningependa kujua kimeshuka hadi wapi. Kikiwa kimeingia kwenye shingo ya kizazi, hata kwa sehemu ya shina tu, hicho kinatoka, na ni vyema kuondolewa. Kikiwa juu ya mlango wa ndani wa shingo, nawe huna maumivu wala damu isiyo ya kawaida, wataalamu wengi hukiacha, na mimi ni mmoja wao, hasa kikiwa cha homoni. Tafiti za ultrasaundi zimeonyesha pia kwamba vitanzi vyenye umbo la T vilivyokaa chini kidogo baada ya kuwekwa vinaweza kupanda vyenyewe katika miezi inayofuata. Wanawake wameondolewa vitanzi vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri kwa sababu ya milimita chache zilizoandikwa kwenye ripoti, kisha wakapata ujauzito ambao hawakuutaka kwa kuwa hawakupewa njia nyingine siku hiyo. Ripoti isomwe pamoja na hali ya mwanamke mwenyewe.

MamaMdogo

Narejea na majibu. Nilikwenda kwenye kituo kingine nikiwa nimeandika yote mliyoniambia. Kipimo cha ujauzito kilirudiwa, hakuna kitu. Ultrasaundi ya ukeni ilifanywa kwa utulivu mkubwa, na mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu kabisa. Kisha eksirei ya tumbo lote ikachukuliwa. Kitanzi kimo. Kiko upande wa kushoto, juu ya nyonga, kimelala kwa upande, na umbo lake la T linaonekana bila shaka yoyote. Picha ya nyonga pekee isingekionyesha.

Nimepangiwa laparoskopia. Daktari amezungumzia uwezekano wa skani ya CT, yaani eksirei ya mikato mingi inayounganishwa na kompyuta, kabla ya upasuaji, nami nimeogopa kwa sababu nilisoma kwamba mionzi yake ni mikubwa zaidi. Je, ni lazima?

DaktariWaKinaMama

Pole sana, dada, na hongera kwa kutokubali jibu la nusu. Kimegunduliwa mapema, kabla hakijakaa miaka, na hilo linakupa nafasi nzuri.

Skani ya CT ya tumbo na nyonga hutoa takriban milisivati 8 hadi 10, yaani mara kumi au zaidi ya eksirei uliyofanyiwa, kwa hiyo haifanywi kwa mazoea. Faida yake ni kuonyesha uhusiano wa kitanzi na viungo: kama kimegusa tu utumbo au kimeingia ndani ya ukuta wake, kama kimefika kwenye kibofu au karibu na mishipa mikubwa ya damu, na kama kuna jipu. Kwa mwanamke asiye na homa, asiye na maumivu, ambaye tumbo lake ni laini anapopimwa kwa mkono, madaktari wengi wa upasuaji huenda moja kwa moja kwenye laparoskopia. Mwenye dalili za utumbo au za mkojo ni vyema apate CT, ili daktari ajue mapema kama atahitaji mwenzake wa upasuaji wa utumbo au wa njia ya mkojo awepo. Mwulize daktari wako waziwazi ni swali gani anataka CT imjibu. Akiwa na swali, mkubalie. Hata ukichomwa dawa ya kuboresha picha yenye madini joto (iodini), huna haja ya kuacha kunyonyesha.

Omba pia eksirei irudiwe siku ya upasuaji, kabla hujaingia chumbani, hasa ikiwa majuma yamepita tangu picha hii ya sasa. Kitanzi kisichoshikamana na kitu husogea kadiri utumbo unavyosogea, na daktari anayekitafuta kushoto huku kimehamia kulia hupoteza muda mwingi wewe ukiwa kwenye dawa ya usingizi. Vyumba vingine vya upasuaji vina mashine ya eksirei ya kuhamishika inayotumika hapohapo kitanzi kisipopatikana kwa macho.

FundiPicha

Kitanzi kikishatolewa, kikaguliwe mezani kabla hujaamshwa: shina zima, mikono yote miwili, na vipande vya shaba mahali pake. Kikikosekana kipande, picha nyingine ichukuliwe wakati huohuo, kwa kuwa plastiki ile yenye bariamu huonekana hata ikiwa imevunjika. Nakala ya eksirei yako itunze mwenyewe, usiiache kituoni.